Kuhani Bila Hekalu: Nani Alisimamia Ibada za Wabena, na Kwa Nini Leo Tunamchanganya na Mganga

Mwanzoni mwa mwaka 2019 Njombe, nchi ya Wabena, ilitajwa Tanzania nzima kwa habari ambayo hakuna mzazi aliyetaka kuisikia. Watoto walikuwa wakitekwa na kuuawa, na uchunguzi ukagusa imani za kishirikina na tamaa ya utajiri wa haraka. Serikali ikawageukia waganga wa kienyeji, viongozi wa dini wakakemea, vijiji vikafanya mikutano. Hasira ile ilikuwa ya haki kabisa. Lakini ndani yake watu watatu walio tofauti walitiwa kapu moja: mchawi, mganga apigaye ramli kwa malipo, na mzee wa ukoo aendaye makaburini kutambikia.

Tangu hapo kijana wa Kibena akiuliza babu zake waliabudu wapi na nani aliyewaongoza, hupata majibu yanayogongana. Mmoja humwambia kuwa hapakuwa na dini, palikuwa na giza na vichaka. Mwingine, aliyeona kwenye simu picha za piramidi za Wamaya wa Meksiko na Guatemala, humwambia kuwa hata sisi tulikuwa na mahekalu na makuhani, ila wakoloni waliyafuta. Majibu yote mawili hutumia kipimo kimoja, yaani jengo. Kwa kuwa Wamaya ndio huletwa kama kielelezo, inafaa kuanza nao.

Mawe ya Wamaya yalisema nini

Mji wa Tikal, katika misitu ya Guatemala, una mahekalu yanayopita vilele vya miti. Lile liitwalo Hekalu la Kwanza lina urefu wa mita 47 hivi, na chini yake alizikwa mfalme Jasaw Chan K'awiil katika karne ya 8. Huko Palenque, kusini mwa Meksiko, mwaka 1952 mwanaakiolojia Alberto Ruz Lhuillier alishuka ngazi zilizokuwa zimefukiwa ndani ya hekalu akakuta jeneza la mawe la Pakal, mfalme aliyefariki mwaka 683. Hekalu, kwa maneno mengine, lilikuwa pia kaburi la mtawala.

Kwa muda mrefu wataalamu hawakulitilia uzito jambo hilo. Hadi katikati ya karne ya 20, akiwemo J. Eric Thompson aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote, walishikilia kwamba miji ile ilikuwa chini ya makuhani wapole, wajuzi wa nyota, na kwamba maandishi ya mawe yalihusu kalenda na miungu tu. Mwaka 1960 Tatiana Proskouriakoff alichunguza tarehe zilizochongwa huko Piedras Negras. Akaona zimejipanga kwa makundi, na hakuna kundi lililozidi umri wa mtu mmoja. Zilikuwa tarehe za kuzaliwa, kutawazwa na vita: historia ya wafalme. Nadharia ya makuhani watawala ikaanguka. Mfalme mwenyewe ndiye aliyekuwa mbele katika ibada kubwa, akitoa hata damu ya mwili wake.

Hata hivyo makuhani walikuwepo. Wahispania walipofika Yucatán katika karne ya 16 waliwakuta wale walioitwa Ah Kin, waliofundisha wana wa makuhani na wa wakubwa kuhesabu miaka na siku, kuagua, kutibu, na kusoma na kuandika. Tunayajua hayo kwa sehemu kubwa kutoka kwa Diego de Landa, mtawa yuleyule aliyeamuru vitabu vyao vichomwe pale Maní mwaka 1562. Vitabu vya kale vya Wamaya vilivyobaki duniani leo ni vinne tu.

Kinachotuhusu zaidi ni hiki. Katika karne ya 9 miji mikubwa ya kusini ilianguka mmoja baada ya mwingine, na ibada za kifalme zikaanguka nayo. Lakini katika vijiji vya milimani Guatemala, kama Momostenango, wapo hadi leo wazee wanaohesabu kalenda ya siku 260 na kuombea watu wao. Nao pia ni Wamaya. Kazi iliyoshikamana na kiti cha enzi imekufa, na kazi iliyoshikamana na kijiji na familia bado inaendelea.

Ubena: kaburi ndilo madhabahu

Ukitoka Makambako kuelekea Njombe, katikati ya mashamba ya mahindi na viazi na safu za milingoti na mipaina ya kupandwa, huonekana hapa na pale vipande vya miti ya asili ambavyo hakuna aliyevikata. Mara nyingi ni makaburi ya zamani. Mkubwa zaidi kwa sifa ni msitu wa Nyumbanitu mkoani Njombe, wenye mapango, ambao husimuliwa kuwa chimbuko la Wabena, pamoja na simulizi maarufu ya kuku weusi wasiokamatika.

Ibada ya Wabena ilikuwa na ngazi mbili. Ngazi ya chini ilikuwa ya ukoo. Mkubwa wa ukoo alikwenda kaburini kwa jambo la nyumba yake: mtoto mgonjwa, mke asiyepata mimba, safari, mavuno. Alichokuwa nacho mkononi kilikuwa kidogo, kama unga, maji, pombe ya ulezi, pengine kuku au kondoo. Alimimina, akawataja wafu kwa majina kuanzia wa karibu hadi wa mbali, akaeleza shida, wakala pamoja kilichochinjwa. Hakulipwa. Hakuchaguliwa kwa ufundi wala kwa maono, bali kwa nafasi yake katika ukoo, na alifanya kazi hiyo mbele ya ndugu zake wote. Mungu mkuu, ambaye jina lake Nguluvi au Nguluve husikika kuanzia Uhehe hadi Ukinga, alikuwa juu ya wafu hao, lakini aliyeitwa kwa shida za kila siku alikuwa babu.

Ngazi ya juu ilikuwa ya nchi. Mvua ilipokatika, tauni ilipoingia au vita vilipokaribia, kaburi lililokwendewa lilikuwa la watawala waliotangulia, na aliyeongoza alikuwa mtwa, yaani mtawala, mwenyewe au aliyetumwa naye. A. T. Culwick na G. M. Culwick, katika kitabu chao Ubena of the Rivers cha mwaka 1935 kuhusu Wabena wa bonde la Ulanga, walieleza mpangilio wa namna hiyo. Kitabu hicho kina thamani ya pekee kwa sababu sura moja iliandikwa na Mtema Towegale mwenyewe, mtawala akieleza nchi yake.

Kwa hiyo Mbena hakuwa na jengo la ibada, lakini alikuwa na mahali, na mahali hapo palikuwa na mtu maalumu wa kupahudumia.

Lubaga: palipokuwa na kuhani ambaye hakuna aliyemwonea wivu

Safari fupi kuelekea magharibi, upande wa Ziwa Nyasa, inabadilisha picha nzima. Katika nchi ya Wanyakyusa kulikuwa na kichaka kitakatifu cha Lubaga, na ndani yake aliishi mtu mwenye cheo cha Lwembe. Monica Wilson, aliyefanya utafiti huko na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, ameeleza kwa kina. Lwembe hakuwa mtawala wa kuamua kesi au kuongoza vita. Alikuwa mtu ambaye uzima wa nchi uliaminika kukaa mwilini mwake: mvua, chakula, uzazi. Wakubwa wa Unyakyusa walileta ng'ombe, na makuhani kutoka Ukinga, yaani Makete ya leo, walishuka milima ya Livingstone wakiwa na majembe ya chuma, kwa kuwa ilisemwa Lwembe wa kwanza alitoka kwao.

Cheo hicho kilikuwa na bei. Lwembe hakuruhusiwa kufa kwa ugonjwa. Alipougua sana, wazee waliokuwa na dhamana walimziba pumzi. Kabla roho haijatoka, nywele na kucha zake zilichukuliwa zikafukiwa pale pale, ili chakula kisiondoke naye. Haishangazi kwamba waliostahili kurithi walikimbia, na mrithi alilazimika kukamatwa kwa nguvu.

Ng'ambo ya mpaka, Karonga nchini Malawi, kulikuwa na mwenzake, Kyungu wa Ngonde, aliyekaa kwenye kilima cha Mbande. Naye mwanzoni alifichwa na naye aliuawa alipougua. Lakini Ngonde ilipata biashara ya pembe za ndovu kupitia ziwani, Kyungu akawa na vitambaa na bidhaa za kugawa, akapata wafuasi, akatoka nje akawa mtawala kamili. Vyeo viwili vya asili moja vilichukua njia mbili. Kilichovitenga kilikuwa biashara, wala si tofauti ya imani.

Misimamo inayoshindana

Msimamo wa kwanza, wa wamisionari wengi wa mwanzo na wa mahubiri mengi hadi leo, ni kwamba hapakuwa na hekalu wala ukuhani, palikuwa na hofu ya mizimu. Unasimama kwenye ukweli fulani: hapakuwa na maandiko, hapakuwa na chuo kama cha Ah Kin, na katika Ubena hapakuwa na tabaka la watu wanaoishi kwa ibada pekee. Udhaifu wake ni kipimo chenyewe. Waganda, kwa mfano, walikuwa na mahekalu hasa, nyumba kubwa za matete na nyasi, zenye makuhani walioitwa kabona na wasemaji wa roho walioitwa mandwa. Hekalu la Mukasa lilikuwa katika kisiwa cha Bubembe, Ssese. Masalia ya Kibuuka, mungu wa vita, yalichukuliwa na mmisionari John Roscoe yakapelekwa Cambridge, yakarudishwa Uganda mwaka 1962. Nyasi huoza, jiwe hubaki, na wasiojua historia hudhani kilichooza hakikuwepo. Hata kusini mwa Tanzania, Kinjikitile Ngwale, nabii wa Maji Maji, aliposimama pale Ngarambe mwaka 1904 alikuwa na nyumba yake ya ibada, kijumba-nungu, nyumba ya Mungu, na maelfu ya watu walisafiri kuifikia.

Msimamo wa pili ni wa wasomi wa kizazi cha uhuru na baada yake: kwamba Afrika ilikuwa na dini kamili zenye vituo, makuhani na mitandao ya mahujaji. Kitabu kilichohaririwa na T. O. Ranger na I. N. Kimambo mwaka 1972 kilifungua mlango huo kwa Afrika Mashariki, na mifano ya Lubaga, ya Kolelo huko Uluguru na ya Bokero kwenye Mto Rufiji inautetea vizuri. Hatari yake ni kupaka rangi moja nchi nzima. Okot p'Bitek wa Uganda alionya mwaka 1970 kwamba wasomi wa Kiafrika, kwa kutaka kujibu dharau ya wazungu, waliwapamba miungu wa Afrika kwa sifa zilizoazimwa kwa Wagiriki na Wakristo. Onyo hilo linamhusu pia anayetaka Ubena iwe na piramidi. Ubena haikuwa na Lubaga, na kusema hivyo hakumpunguzii Mbena heshima.

Wengine husema ibada ya nchi ilikuwa utawala uliovaa vazi la dini. Huu ndio msimamo ninaouona una nguvu zaidi kwa Ubena wenyewe. Kaburi la mtwa lilithibitisha haki ya mwanawe kutawala, na aliyedhibiti ombi la mvua alidhibiti nchi. Tikal ilifanya hivyohivyo kwa mawe. Lakini msimamo huu unagonga mwamba Lubaga. Mtawala gani mwenye hila angebuni cheo kinachomalizika kwa kuzibwa pumzi? Lwembe anatuonyesha kwamba jamii iliweza kumtenga mwombaji na mtawala kwa makusudi, tena ikamfunga mwombaji asije akawa mtawala.

Upo pia msimamo mpya wa watu wa mazingira, kwamba misitu ya matambiko ilikuwa njia ya kulinda vyanzo vya maji. Kweli misitu hiyo imelinda chemchemi nyingi. Lakini waliotambika hawakuuacha mti kwa ajili ya chemchemi. Waliuacha kwa sababu chini yake amelala mtu wao. Ukiondoa sababu hiyo ukabakiza faida yake tu, siku bei ya mbao itakapopanda hakutakuwa na hoja ya kuzuia msumeno.

Faida na gharama ya kuunganisha kiti na kaburi

Nikiipima misimamo hii, naona swali la jengo linafaa kuwekwa kando na nafasi yake ichukuliwe na swali la cheo: nani alikishika, aliwajibika kwa nani, na nini kilimtokea alipoanguka.

Kuunganisha utawala na ibada, kama walivyofanya Wamaya na Wabena, kulileta umoja wa haraka. Mtu mmoja aliamuru, watu wakafuata, kwa sababu agizo lake lilikuwa pia la wafu. Gharama yake ni kwamba ukame ulimhukumu mtawala, na kushindwa vitani kulihukumu ibada. Kuvitenga, kama Lubaga, kulifanya ibada iwe ya watu wa nchi nyingi, hata Wakinga na Wanyakyusa waliokuwa na watawala tofauti. Gharama yake ilikuwa udhaifu: kuhani hakuwa na askari, hakuwa na mali, na alitegemea kuletewa ng'ombe.

Vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani viliijaribu Ubena kwa njia kali mno. Mwaka 1905 hongo, wajumbe wa dawa ya maji, waliingia katika nchi ambazo kila mtawala alikuwa mlinzi wa makaburi ya nchi yake. Watawala wakalazimika kuamua, na hawakuamua sawa. Mbeyela wa Ubena aliingia vitani, na Septemba mwaka huo watu wake walishambulia misheni ya Kilutheri ya Yakobi, karibu na Njombe. Wahehe, waliokuwa wamepoteza Mkwawa mwaka 1898, hawakujiunga. Dawa ilipoonekana haizuii risasi, aliyeshindwa hakuwa kamanda peke yake. Kwa kuwa mtwa alikuwa pia kiongozi wa tambiko la nchi, kushindwa kwake kuliacha swali kaburini. Kisha ikaja njaa, na misheni zilizobaki zikawa na chakula, shule na dawa.

Kushindwa kwa vita hakukutosha kuiua ngazi ya juu. Waingereza waliwarudisha watawala wa jadi katika mfumo wao, ila kama wakusanya kodi na mahakimu, na mwaka 1928 wakatunga sheria ya uchawi ambayo kimsingi bado ipo. Mwaka 1963 Tanganyika huru ikafuta uchifu. Mwaka huohuo makanisa saba ya Kilutheri yakaungana kuwa KKKT. Cheo kimoja kilipoteza msingi wake wa kisheria wakati kingine kikipata sura ya kitaifa. Muongo mmoja baadaye, vijiji vya ujamaa vikahamisha kaya nyingi kutoka kwenye mahame ya wazee wao, na kwa walio wengi kaburi likawa safari badala ya kuwa nyuma ya nyumba.

Ngazi ya ukoo imebaki, kama ilivyobaki Momostenango. Familia nyingi za Kikristo hukutana makaburini, husafisha, huwataja wafu, wengine kwa sala ya kanisa na wengine kwa pombe, na zipo zinazofanya vyote viwili. Ila ngazi ya juu imekufa, na pale ilipokuwa pamebaki wazi. Aliyepaingia ni mganga wa kulipwa.

Hapo ndipo ulipo mzizi wa mkanganyiko wa 2019. Mzee wa ukoo alitenda mchana, mbele ya ndugu, kwa jambo linalojulikana, bila malipo. Mpiga ramli hukutana na mteja peke yake, kwa siri, kwa fedha, kwa jambo ambalo mteja hangependa litajwe hadharani. Ngazi ya nchi ilipokuwepo, ilikuwa na mamlaka ya kumwita mpiga ramli na kumhoji. Ilipotoweka, hakuna aliyebaki na mamlaka hayo isipokuwa polisi, na polisi hufika baada ya maafa. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inasajili watoa tiba. Haimgusi mzee wa ukoo, wala haipaswi kumgusa, kwa sababu yeye si mtoa tiba. Lakini kwa kuwa hana jina popote katika sheria, msako ukija huonekana kama mganga asiyesajiliwa.

Kinachoweza kufanyika

Kenya imejaribu njia moja. Misitu ya kaya ya Wamijikenda iliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008. Miti imepata ulinzi wa sheria. Hata hivyo, katika Kaunti ya Kilifi wazee wameendelea kuuawa kwa kutuhumiwa uchawi. Msitu ulitambuliwa, mtu aliyeutunza hakueleweka.

Kwa Njombe, vyombo vya kuanzia vipo tayari na ni vya kawaida. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inakipa kijiji uwezo wa kupanga matumizi ya ardhi yake, Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu msitu wa hifadhi wa kijiji, na halmashauri ya kijiji inaweza kutunga sheria ndogo. Kipande cha makaburi ya kale chenye mipaka kwenye ramani ya kijiji hakiuzwi kimyakimya kwa mpanda miti. Sheria ndogo hiyohiyo inaweza kusema kwamba tambiko la ukoo ni mkusanyiko wa wazi, mjumbe wa kijiji akijulishwa kama anavyojulishwa kuhusu msiba.

Wapo watakaosema kuwa hilo ni kurudisha upagani kwa mlango wa nyuma, na hofu yao si ya kupuuza, kwa kuwa watu wengi wa Njombe ni Wakristo na wana haki ya kutolazimishwa. Ndiyo maana sheria isimtaje yeyote kuwa kuhani wa kijiji. Cheo cha namna hiyo kingeundwa leo, kingegombewa kama uenyekiti, na kingerudisha udhaifu uleule wa kiti na kaburi kufungwa pamoja. Wengine watahofia kwamba ramani itawaonyesha wezi wa makaburi pa kuchimba. Hofu hiyo ina uzito zaidi. Jibu lake ni kwamba ramani ionyeshe mpaka wa msitu tu, na mahali hasa alipolala nani, pamoja na majina yanayotajwa wakati wa kumimina unga na maji, vibaki kwa wazee wa ukoo na wale watakaowarithi.